Naonja, Sinywi

Mwezi uliopita walikuja kwangu Mkolani vijana watatu wanaofanya kazi kwenye hoteli za hapa Mwanza. Walinisalimu vizuri, wakakaa, wakanywa chai. Halafu mmoja wao akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Bibi, ni kweli ulifanya kazi ya mvinyo miaka ishirini na sita bila kunywa hata glasi moja?"

Nikamwambia ni kweli. Wakatazamana. Wawili hawakuniamini, niliwaona. Wa tatu, binti mwembamba mwenye miwani, aliniamini, akanionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonikera.

Basi ninyi mnaoanza kazi hii, nawaandikia kabla hamjaanza kunihurumia. Sikunyimwa kitu. Nilionja mvinyo wa nchi ambazo sitazifikia mpaka nife, nikautema ndoo moja baada ya nyingine, na kila niliposema mvinyo fulani ni mbovu, ulikuwa mbovu. Kuna watu waliotaka nibadilishe neno hilo. Nitawaambia walivyofanya, na nilivyowajibu.

Naitwa Minza. Nimezaliwa Magu, katika nyumba ya pamba, mpunga na maombi. Baba yangu hakuruhusu pombe ivuke kizingiti chake, hata togwa iliyolala siku mbili aliitazama kwa mashaka. Nilipokuja mjini niliajiriwa kuosha glasi kwenye hoteli moja ya pembeni ya ziwa. Sikujua zile glasi zilikuwa za nini hasa. Nilijua tu kwamba zinavunjika na kwamba ukivunja unaitwa.

Siku moja nilizirudisha sinkini glasi thelathini ambazo mwenzangu alikuwa amekwisha kuzikausha. Mtunza stoo ya vinywaji, Mzee Kaijage, Mhaya wa Bukoba aliyekuwa na mvi mpaka kwenye nyusi, alikuwa anapita.

"Nani amezirudisha hizi?"

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Zina nini?"

"Zinanuka tambara."

Akachukua moja, akaiingiza pua, akakaa nayo muda mrefu. Hakusikia kitu. Hakubishana nami, akaondoka. Kesho yake akaniita stoo, akanipangia glasi sita za maji, moja kati yake ikiwa imekaushwa kwa kitambaa kilichokaa na unyevu. Nikaitoa ile moja. Akazichanganya tena, nikaitoa tena. Akafanya hivyo mara nne, kisha akaketi juu ya kreti ya soda na kuniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote pale hotelini: kwamba pua yake ilikuwa inakufa. Miaka miwili alikuwa anapokea mvinyo kwa kukumbuka tu, na meneja hajui.

"Nahitaji pua," akasema. "Mdomo ninao."

"Mzee, sisi kwetu hatunywi."

"Nani amekwambia unywe? Ndoo ile pale. Unaweka mdomoni, unazungusha mpaka kwenye fizi, unatema. Anayemeza hafiki chupa ya sita akiwa na akili."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Baba yake Mzee Kaijage alikuwa akipika rubisi, pombe yao ya ndizi, na yeye alikuwa amekulia pembeni ya mtumbwi wa kukamulia, kwa hiyo kila alichonifundisha kilianzia kwenye ndizi. Alinifundisha kunusa kabla sijatikisa glasi, kwa sababu harufu mbaya hutangulia kutoka, na ukitikisa unaichanganya na nzuri. Alinifundisha kuanza na mweupe ndipo mwekundu, mwepesi ndipo mzito. Nisipake mafuta yenye manukato asubuhi ya kazi. Nisile kitunguu. Na tusiweke chupa kwenye chumba kilichoegemea jabali, kwa sababu mawe yetu haya ya Mwanza hunywa jua mchana kutwa na kulitema jioni, na wewe ukiwa umelala chupa zako zinachemka taratibu. Tulihamisha stoo nzima upande wa ziwa, mimi na yeye, kwa mikono.

Alikuwa na kitabu kimoja cha mvinyo, kimechakaa. Kila ukurasa kulikuwa na matunda ya Ulaya. Nilimwambia, "Mzee, tunda hili mimi sijawahi kuliona."

"Hata mimi sijaliona. Wewe umeona nini?"

Nikamwambia nimeona zambarau, ukwaju, mapera, ubuyu, limau. Nimeona ardhi ya mbuga ikipigwa na mvua ya kwanza. Nimeona gunia la pamba lililonyeshewa likaachwa kwenye ghala. "Basi andika hayo," akasema. Nikanunua daftari. Tangu siku hiyo mvinyo ulioharibiwa na kizibo kibovu kwangu umeandikwa "gunia bichi", na hakuna aliyewahi kunionyesha neno sahihi zaidi.

Msidhani sikukosea. Mwaka wangu wa pili kulikuwa na harusi kubwa, na asubuhi yake nilikuwa na mafua. Nilijipaka dawa ya kifua, ile inayochoma macho, nikaenda kazini. Mzee Kaijage akaniletea mvinyo mweupe wa Afrika Kusini. Sikusikia chochote zaidi ya dawa. Badala ya kusema sisikii, nikasema uko sawa, maana niliona aibu. Baba wa bibi harusi alipoinua glasi mbele ya wageni, alikunja uso kama aliyelamba betri. Mvinyo ulikuwa umegeuka siki.

Mzee Kaijage alikwenda kwa meneja, akasema yeye ndiye aliyeonja. Aliandikiwa barua ya onyo, akiwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Nililia stoo. Aliniacha nilie, kisha akasema, "Pua yenye mafua haiendi mahakamani. Siku husikii, sema sisikii. Ukizoea kusema hivyo, siku utakayosema nimesikia, hutahitaji kuapa."

Shikeni hilo kwanza. Ujeuri wangu wote ninaowasimulia hapa umejengwa juu ya zile siku nilizosema sijui.

Alistaafu, akarudi Bukoba, nami nikabaki na stoo, daftari na ndoo.

Miaka ikaenda. Akaja meneja mpya, Bwana Salehe, kijana mwenye haraka, si mtu mbaya. Alitaka hoteli iwe na orodha ya mvinyo wa nchi nyingi, watalii wa kwenda mbugani wakilala Mwanza waone tumeendelea. Akaleta kampuni ya kuagiza mvinyo, na mwakilishi wake akaja kutoka Dar es Salaam, Bwana Feliksi, amevaa viatu bila soksi. Mzigo wenyewe ulikuwa umekwishafika, sehemu kubwa kwa lori kupitia Sirari na Musoma. Kilichobaki ni kuonja na kusaini.

Asubuhi hiyo nilikunywa uji mtupu, nikaoga bila sabuni yenye harufu. Kwenye ukumbi niliwakuta Bwana Salehe, Bwana Feliksi, mpishi mkuu na msimamizi wa baa. Chupa kumi na moja zilikuwa zimefunikwa kwa vitambaa vya meza, kila moja na namba. Bwana Feliksi peke yake ndiye aliyejua ipi ni ya wapi.

Tukaanza. Namba moja ulikuwa mweupe, mkali kama limau lililokamuliwa juu ya jiwe safi. Nikaandika hivyo. Baadaye niliambiwa ni wa Italia. Namba tatu ulikuwa wa Uhispania, una chumvi kwa mbali, nikafikiri ungekaa vizuri na sato wa kuchoma. Namba sita ulikuwa wa Argentina, zambarau zilizoiva mpaka zinadondoka zenyewe, na nyuma yake moshi kidogo. Huo niliuonea uchungu kuutema, nawaambia ukweli. Namba nane ulikuwa wa kwetu, Dodoma, mkavu, umenyooka, na harufu ya vumbi lililoguswa na mvua. Hauna maneno mengi. Hizo nne, na nyingine nne zilizokuwa nzuri, zilikuwa zimekuja kwa ndege na basi, ila hilo sikulijua wakati ule.

Nilipofika namba tano niliandika "mapera yaliyosahauliwa jikoni". Tamu iliyoungua, halafu katikati hakuna kitu, kama nyumba yenye mlango mzuri na ndani tupu. Sikushtuka, mvinyo mbaya upo kila mahali. Namba saba, nikaandika neno lile lile. Nikasuuza mdomo, nikala kipande cha mkate, nikarudia. Namba tisa, tena lile lile. Hapo nikaweka kalamu.

"Bwana Feliksi, hizi tano, saba na tisa ni ndugu."

Akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Dada, tano ni Chile. Saba ni Ufaransa. Tisa ni Afrika Kusini. Ndugu gani hao waliotenganishwa na bahari mbili?"

"Mashamba yametenganishwa na bahari," nikasema. "Lakini kasoro ni moja. Nchi tatu haziwezi kukosea kwa namna moja. Huu mvinyo umepikwa njiani. Nadhani ulipanda gari moja."

Bwana Feliksi akageuza glasi yake. "Ile namba saba ndiyo ya bei kubwa kuliko zote hapa. Wewe nyumbani huwa unakunywa mvinyo gani?"

"Sinywi."

"Hunywi kabisa?"

"Naonja. Sinywi."

Akamtazama Bwana Salehe, na msimamizi wa baa akacheka mpaka akageukia dirishani. Mpishi mkuu aliangalia viatu vyake. Niliomba nione vizibo. Vya zile chupa tatu vilikuwa vimesukumwa juu kidogo, na ubavuni mvinyo ulikuwa umepanda ukaacha alama nyekundu mpaka karibu na kichwa. Joto huutanua mvinyo uliomo, nao hutafuta pa kutokea. Nikamwonyesha Bwana Salehe. Bwana Feliksi akasema hilo ni la kawaida. Bwana Salehe akanisogezea karatasi iliyoandikwa kwamba mzigo umekaguliwa na kuonekana ni mzuri.

"Saini, Minza. Wageni wanaingia Ijumaa."

"Nane nitazisaini. Hizi tatu hapana."

"Karatasi ni moja."

"Basi sitaisaini."

"Nakuomba mara ya mwisho mbele za watu."

"Nami nakujibu mbele za watu hao hao."

Ilisainiwa na msimamizi wa baa. Jumatatu nilipofika nilipewa barua: nimehamishiwa dobi kwa utovu wa nidhamu. Walidhani nitaacha kazi. Nilivaa aproni, nikashika pasi. Kama kuna kitu nilichoapa, ni kwamba sitawasaidia kwa kutoka langoni mwenyewe na mfuko wangu.

Kaka yangu Lameki ni mzee wa kanisa letu dogo huku Mkolani. Miaka yote kazi yangu ilimkaa kooni, ila alikuwa na haya kusema. Niliposhushwa alipata nguvu. Aliona ni mkono wa Mungu. Nikaitwa mbele ya baraza la wazee, wanaume watano na mama mmoja, tumekaa kwenye mabenchi ya shule ya Jumapili.

"Dada," kaka akasema, "Bwana amekutoa kwenye pombe kwa njia yake. Simama Jumapili, utubu, tusonge mbele."

"Kutubu ni kwa kosa. Nitajie kosa."

"Umeweka pombe mdomoni miaka ishirini."

"Nimeitema miaka ishirini. Kuna mtu hapa aliyewahi kuniona nimelewa?"

Yule mama akasema kwa upole, "Mdogo wangu, ni mfano tu kwa vijana. Wanakuona."

Pengine ningenyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimechoka, mikono inanuka wanga wa mashuka, na nilikuwa na neno ambalo nililibeba tangu Jumapili iliyopita. Nikamuuliza kaka, "Ile juisi ya zabibu ya meza ya Bwana mnaitunza wapi?"

"Kabatini, kwenye ofisi ya mchungaji."

"Chini ya bati?"

"Chini ya bati."

"Imeanza kuchacha. Jumapili ilikuwa inachoma ulimi. Mkiiacha wiki mbili mtakuwa mnanywesha kanisa zima divai."

Mzee mmoja akaenda kuileta ile chupa. Alipofungua kifuniko ikatoa pumzi kama soda. Wakapokezana kunusa, wa mwisho akiwa kaka yangu. Sikucheka. Nawaapia sikucheka mpaka nilipofika nyumbani.

Walinitenga na meza ya Bwana miezi mitatu. Sikutengwa kwa kunywa divai, nilitengwa kwa kuwaambia kwamba wao ndio walioinywa. Kila Jumapili ya miezi hiyo mitatu nilikaa benchi la mbele, nimevaa gauni langu la kijani, na kikombe kilipopita nilimtazama kaka yangu usoni. Juisi ilihamishiwa kwenye friji ya mchungaji wiki ile ile. Miezi ilipokwisha nilipewa kikombe bila mtu kutaja toba, nami sikuitaja.

Sasa rudini dobi. Mwezi wangu wa kwanza huko, chupa za Chile zilianza kurudishwa kutoka mezani. Wageni hawakulalamika sana, waliziacha tu zikiwa zimejaa. Wahudumu waliniletea habari pamoja na vitambaa vichafu, na vitambaa vyenyewe viliniambia, maana mvinyo uliopikwa huacha doa la kahawia. Bado Bwana Salehe alisema ni ladha za watu.

Ndipo nilipokwenda Magu kumwona shangazi yangu Ngolo, anayeuza mchele na chakula barabarani. Tulikuwa tunachambua mchele nikamsimulia mkasa wangu. Akaacha ungo.

"Lori la chupa? Lenye turubai la bluu?"

"Sijaliona, shangazi."

"Lilikufa hapo ng'ambo. Siku tisa linasubiri spea. Dereva alikula kwangu siku zote tisa, kijana mwenye adabu. Jua lilivyokuwa kali, ukigusa lile turubai unaungua mkono. Namba yake ninayo."

Jumatatu sikwenda dobi moja kwa moja. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Salehe, nikaomba dakika tano. Nikampigia yule dereva na kuweka sauti ya nje, simu ikiwa mezani katikati yetu. Nikajitambulisha, nikamwambia nipo na meneja wa hoteli iliyopokea mzigo, naye anasikia. Nikamuuliza kuhusu Magu.

"Ni kweli, mama," dereva akasema. "Siku tisa. Nilimpigia bosi siku ya pili nikamwambia huu mzigo unachemka, maboksi yanatoa maji mekundu. Akaniambia mvinyo ni pombe, pombe haiharibiki, nitulie. Nikatulia. Ningefanya nini?"

Bwana Salehe akamuuliza maswali mawili ya tarehe. Zikalingana. Akashukuru, akakata simu, akakaa anaitazama.

"Ulijuaje pale ukumbini?" akaniuliza.

"Nilikwambia nilivyojua. Nchi tatu, kasoro moja."

Mzigo wa chupa zile ulirudishwa kwa kampuni. Siku mbili baadaye niliitwa kupokea barua. Niliisoma nimesimama. Ilisema uongozi umeamua kunisamehe na kunirejesha stoo. Nikaiweka mezani kwake.

"Hapa pameandikwa nimesamehewa. Kwa kosa gani?"

"Minza, hiyo ni lugha tu ya ofisi."

"Basi ofisi itafute lugha nyingine."

Nikarudi kwenye pasi. Wenzangu wa dobi waliniambia nina kichaa, stoo naitaka na stoo napewa. Inawezekana. Kesho yake ikaja barua ya pili, inasema kulitokea hali ya kutoelewana. Niliirudisha pia. Nilimwambia, "Hatukushindwa kuelewana. Mimi nilisema, wewe ukanielewa vizuri, ukaniondoa."

Alikasirika. Siku nne hakuniita, na siku hizo nne, wanangu, sikuwa na uhakika wa kitu chochote. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Nilinyoosha mashuka nikijiuliza kama ninapigania neno moja la karatasi au ninapigania kiburi cha baba yangu kilichonikaa damuni. Sikupata jibu. Niliona tu kwamba nikichukua ile barua, siku nyingine nikisema mvinyo huu ni mbovu, mtu atakuwa na haki ya kusema: huyu tulishamsamehe mara moja.

Siku ya tano Bwana Salehe alikuja dobi mwenyewe. Alisimama kati ya kamba za mashuka, amevaa suti, jasho linamtoka kwa mvuke. Alikuwa na karatasi yenye mistari miwili. Nikamwambia mikono yangu imelowa, naomba anisomee.

Akawatazama wenzangu, wanawake sita, wote wamezima pasi zao. Akasoma. "Ulichosema kuhusu mvinyo namba tano, saba na tisa kilikuwa kweli. Kukuondoa stoo lilikuwa kosa letu."

"Asante, Bwana Salehe," nikasema. "Nakuja."

Alisubiri nifuatane naye. Mezani kwangu kulikuwa na kitambaa kimoja ambacho nusu yake ilikuwa bado ina makunyanzi. Nikawasha pasi, nikakimalizia mpaka kwenye pindo, nikakikunja, ndipo nikavua aproni.